Mbio za Mchango na Shilingi ya Nyanya

(Mazungumzo ya redio, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya wasomaji wetu)

Huenda wengine mko jikoni mkingojea chai ichemke, na wengine mmekwisha kushika njia ya shamba na redio mkononi. Popote mlipo, karibuni tuzungumze kidogo.

Jumapili moja baada ya ibada tulisimama mlangoni mwa kanisa kuwaaga watu kama ilivyo desturi. Asubuhi ile tulikuwa tumetangaza kwamba Jumamosi itakayofuata kutakuwa na mbio za mchango mjini, za kuwasaidia watoto wenye ugonjwa wa moyo. Nyanya mmoja wa kanisa letu akatushika mkono asituachilie. "Mchungaji," akasema, "hao watu watakaokimbia, wanafukuzwa na nani?" Tulicheka, naye akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti ya shilingi mia moja iliyokunjwa mara nne, akasema, "Mimi siwezi kukimbia. Hii nataka iende kwa mtoto mgonjwa. Lakini niambie kweli, mwanangu: itafika?"

Swali hilo lilituchoma. Tulijibu kwa haraka, "Itafika, Nyanya, usiwe na shaka," tukageuka kumsalimu mtu mwingine. Lakini jibu lile halikuturidhisha sisi wenyewe, na usiku ule hatukulala vizuri. Maana mtu anayeuliza kama shilingi yake itafika hakutenda dhambi. Anauliza jambo ambalo kila mwenye kutoa ana haki ya kulijua. Kwa hiyo leo twataka kumjibu Nyanya polepole, nanyi msikilize pamoja naye: mbio hizi ni kitu gani, zilitoka wapi, fedha zake hupita njia gani, na Mkristo azipime kwa namna gani.

Kwanza tuseme mbio za mchango ni nini. Nchi yetu ya Kenya ni nchi ya wakimbiaji. Tangu Kipchoge Keino alipopata medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika michezo ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, kila mtoto wa shule amejua kwamba Mkenya anaweza kukimbia akasikika ulimwenguni. Lakini mbio za mchango si za mabingwa. Ndani yake utamkuta karani wa benki anayehema baada ya kilomita moja, mama anayemsukuma mtoto katika kigari, mzee anayetembea na wajukuu, na darasa zima la Shule ya Jumapili. Hapa hatuulizi sana ni nani aliyefika kwanza. Kila mmoja ametoa kitu ili aingie, na vile vidogo vya watu wengi vimewekwa pamoja kwa kazi moja. Wazee walikwisha kusema, haba na haba hujaza kibaba.

Jambo hili si geni kwetu, ingawa viatu vyake ni vipya. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno la harambee kuwa wito wa taifa zima, na hata leo limeandikwa katika ngao ya nchi yetu. Kwa harambee watu walijenga shule na zahanati, wakachimba visima, wakawalipia vijana karo. Wengi wa umri wetu tulisoma katika madarasa ambayo wazazi waliyajenga kwa kuku, kwa mahindi na kwa shilingi zilizohesabiwa mezani mbele ya watu wote. Mbio za mchango ni harambee iliyovaa viatu vya raba.

Ziko pia nchi nyingine zilizotufunza. Kule Kanada alikuwako kijana aliyeitwa Terry Fox. Mwaka 1977 alikatwa mguu wake wa kulia kwa sababu ya saratani ya mfupa. Alipokuwa hospitalini aliwaona wagonjwa wengine, hata watoto, wakiteswa na saratani, na moyo wake ukashikwa. Tarehe 12 Aprili 1980 alianza kukimbia kutoka pwani ya mashariki ya Kanada kwa mguu mmoja wake na mmoja wa bandia, akikusudia kuivuka nchi yote. Kila siku alijaribu kwenda karibu kilomita 42, yaani marathoni nzima. Ombi lake lilikuwa dogo: dola moja kutoka kwa kila mtu wa Kanada, ili kutafuta dawa ya saratani. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ikaingia mapafuni naye akalazimika kusimama tarehe 1 Septemba. Hakufika pwani ya pili. Lakini kabla ya kufa, mwezi wa Juni 1981, alipata habari kwamba michango imepita dola milioni 24, kiasi cha dola moja kwa kila mtu wa nchi yake. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule watu walianza kukimbia kila mwaka kwa jina lake, na tangu hapo wamekusanya mamia ya mamilioni ya dola kwa ajili ya utafiti wa saratani.

Mwatuona tunakwenda wapi? Kijana yule hakumaliza safari yake, lakini alichokianza kilimalizwa na miguu ya watu wengine.

Sasa turudi nyumbani. Huko Nairobi, mtaa wa South B, iko hospitali ya Mater, iliyoanzishwa mwaka 1962 na watawa wa Kikatoliki waitwao Masista wa Huruma. Ndugu zetu hawa si wa kanisa letu, lakini Mungu hutumia mikono mingi, na mtoto mgonjwa haulizwi ubatizo wake. Mwaka 1993 zilianzishwa mbio zinazoitwa Mater Heart Run, za kutafuta fedha za kuwatibu watoto wenye ugonjwa wa moyo ambao wazazi wao hawana uwezo. Baadaye mbio hizo zilienea kutoka Nairobi hata miji mingine ya Kenya, watu wakikimbia na kutembea siku ile ile, wamevaa fulana za namna moja. Fulana ile ndiyo tikiti. Ukiinunua umekwisha kutoa mchango wako, hata kama utatembea mita mia tatu tu ukakaa chini ya mti.

Lakini kwa nini ugonjwa wa moyo? Hapa twaomba mtege masikio, hasa ninyi wazazi, maana jambo hili huenda likaokoa mtoto nyumbani mwako hata bila mbio zo zote.

Moyo wa mwanadamu ni pampu. Una vyumba vinne, na katikati ya vyumba iko milango midogo ambayo madaktari huiita vali. Damu hupita mlangoni, mlango ukajifunga nyuma yake ili damu isirudi. Mtoto aweza kupata ugonjwa wa moyo kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuzaliwa nao. Karibu mtoto mmoja katika kila mia huzaliwa moyo wake ukiwa na kasoro fulani, pengine tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba, pengine mshipa uliokaa pasipo mahali pake. Kasoro nyingine ni ndogo, nazo hujifunga zenyewe. Nyingine ni kubwa. Mtoto huyo huchoka anaponyonya, hutoka jasho, hupumua upesi upesi, haongezeki uzito, na pengine midomo na kucha zake huwa na rangi ya buluu. Jamani, huyo hajarogwa, wala mama yake hakulaaniwa. Mpelekeni kwa daktari.

Njia ya pili huanza kwa jambo ambalo wengi hulidharau, yaani maumivu ya koo. Iko aina ya vijidudu viletavyo maumivu ya koo ambavyo visipotibiwa vyaweza, baada ya wiki mbili au tatu, kuleta homa ya baridi yabisi. Viungo vya mtoto huvimba na kuuma, leo goti, kesho kiwiko. Kisha maumivu hupoa, na wazazi hushukuru wakidhani yamekwisha. Kumbe homa ile imeacha alama katika vali za moyo. Ikirudi mara ya pili na ya tatu, milango ile hukakamaa, haifunguki sawasawa wala haifungiki sawasawa. Ugonjwa huu huwakamata hasa watoto wa miaka 5 mpaka 15, na hupenda nyumba zenye msongamano, ambamo watoto wengi hulala chumba kimoja. Na jambo la kusikitisha ni hili: dawa yake ya mwanzo ni penisilini, dawa ya zamani isiyo ghali. Mtoto aliyekwisha kupata homa hiyo huchomwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne kwa miaka mingi, ili isirudi. Lakini vali ikisha kuharibika, penisilini haiwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Hapo ndipo upasuaji hutakiwa.

Na upasuaji wa moyo si kama kung'oa jino. Wahitajika madaktari waliosomea kazi hiyo miaka mingi, mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, damu ya akiba, na chumba cha wagonjwa mahututi. Kasoro nyingine siku hizi huzibwa bila kupasua kifua: daktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja mpaka moyoni, akaliziba tundu kwa kifuniko kidogo. Hata hivyo, gharama yake humshinda mkulima wa kawaida, na humshinda mwalimu pia.

Tumeziona jamaa zikijaribu. Baba huuza ng'ombe, kisha huuza kipande cha shamba. Kadi za mchango huchapwa, nasi wachungaji huombwa kusimama kuchangisha. Kijiji hutoa mara moja, na hutoa kwa moyo. Lakini mtoto wa pili akiugua katika kijiji kile kile, watu hutazamana. Si kwamba upendo umekwisha, mifuko ndiyo imekwisha. Hapo ndipo twaona faida ya mbio za mchango. Harambee ya jamaa moja humtegemea baba mwenye marafiki wengi. Basi yule mtoto wa mama mjane, asiyejulikana na mtu, afanye nini? Mfuko uliochangwa na maelfu humwangalia mtoto kwa ugonjwa wake na uhitaji wake, hautazami ukoo wake. Mkono mmoja haulei mwana, wasema wahenga, na moyo wa mtoto mmoja hautibiwi kwa mfuko mmoja.

Wala si moyo peke yake. Marathoni ya Nairobi iliyoanza mwaka 2003 ilichangia kwa miaka mingi kazi ya kuokoa macho ya watu, hasa watoto. Mwaka 2000 zilianza mbio za Lewa, kule upande wa Meru, ambako watu hukimbia katika hifadhi ya wanyama. Fedha zake zimesaidia kulinda wanyama, na pia shule, zahanati na maji ya jamii za jirani. Mwaka 2014 Mama Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wakati ule, alianzisha kazi ya Beyond Zero kwa ajili ya akina mama wanaojifungua na watoto wachanga. Yeye mwenyewe alikimbia marathoni ya London mwezi wa Aprili mwaka ule, akamaliza kwa muda wa saa saba na dakika chache. Hakuwa bingwa, lakini alimaliza. Kwa michango ile zilinunuliwa zahanati za kutembea juu ya magurudumu, zikapelekwa katika kaunti zote 47.

Sasa tumjibu Nyanya: shilingi hupita wapi? Fedha za mbio huingia kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ni ada ya kujiandikisha, au bei ya fulana. Wa pili ni ahadi: mkimbiaji huwaendea jamaa na rafiki, akawaomba wamwahidi kiasi fulani akimaliza. Wa tatu ni makampuni yatoayo fedha, au maji, au magari. Siku hizi wengi hutuma kwa M-Pesa, ambayo tangu ianze mwaka 2007 imewawezesha hata walio mbali na benki kutoa.

Lakini ziko pia fedha zinazotoka. Fulana hushonwa na kuchapwa. Wakimbiaji wahitaji maji ya kunywa, watu wa huduma ya kwanza, na gari la wagonjwa lililo tayari. Njia lazima ifungwe kwa msaada wa polisi, na vibali vipatikane. Gharama hizi si wizi, ni za lazima. Kinachobaki baada ya gharama ndicho kiendacho kwa mtoto. Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu akikuambia, "Tulikusanya hivi," hujaambiwa bado. Mwulize, "Kilibaki kiasi gani, na kilifika wapi?"

Na hapa imetupasa kuungama. Nyanya hakuuliza swali lake bure. Miaka michache iliyopita parishi yetu yenyewe iliandaa mbio, za kusaidia makao ya watoto yatima yaliyo jirani. Tulikuwa na bidii kuliko hekima. Tuliagiza fulana nyingi kabla ya kuwahesabu watu. Tulikodi hema na vipaza sauti. Tuliwapikia wageni wa heshima chakula kizuri. Jioni tulisimama jukwaani tukatangaza jumla kubwa, tukihesabu pamoja na ahadi ambazo hazijalipwa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Halafu madeni yakaja. Ahadi nyingi hazikulipwa. Tulipokwisha kulipa mwenye hema, mwenye vipaza sauti na mwenye fulana, tuliwapelekea watoto magunia machache ya unga na mablanketi. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Lakini hatukurudi kanisani kusema ukweli. Tuliacha ile jumla kubwa ibaki masikioni mwa watu, na ule ukimya wetu ulikuwa uongo. Nyanya alikuwako siku ile. Alitoa yai moja moja alilouza juma zima, na hakuna aliyemwambia lilikofika.

Twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 12, habari zinazofanana na zetu. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wapokee fedha za watu ili waitengeneze nyumba ya Bwana palipobomoka. Mwaka wa ishirini na tatu wa kutawala kwake ukafika, na nyumba ilikuwa haijatengenezwa. Maandiko hayasemi kwamba makuhani walikuwa wezi, yasema kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, zilihesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, si mtu mmoja peke yake, kisha wakapewa mafundi wa mbao na wa mawe. Yaani sanduku lilikaa mahali pa wazi, wahesabuji walikuwa wawili, na fedha zilikwenda moja kwa moja kwa kazi iliyokusudiwa.

Mtume Paulo naye alikuwa mchangishaji. Kwa muda wa miaka alizunguka makanisa ya Galatia, Makedonia na Akaya akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwafundisha Wakorintho kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri ya alivyofanikiwa, ili haraka isiwepo atakapokuja. Aliwasifu Wamakedonia kwa sababu walitoa katika umaskini wao. Lakini angalieni sana 2 Wakorintho 8: Paulo hakukubali kuichukua fedha ile peke yake. Makanisa yalichagua watu wa kusafiri nayo, na Mtume akaeleza sababu, kwamba hataki mtu awe na nafasi ya kuwalaumu, maana aliangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Ikiwa Mtume alihitaji mashahidi, sisi ni nani tusiwahitaji?

Basi, mtu akija kwako na karatasi ya mbio, mpokee kwa upole, na umwulize maswali haya. Fedha ni za nani, mtoto gani, zahanati gani, shule gani? Je, shirika hilo limeandikishwa? Kenya ina sheria ya kuangalia ukusanyaji wa michango ya umma, na tangu mwezi wa Mei 2024 imeanza kutumika sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa mwaka 2013. Je, fedha huingia katika akaunti ya shirika, au katika simu ya mtu mmoja? Ni nani wanaotia sahihi, na je, wako zaidi ya mmoja? Na mwisho, hesabu itasomwa lini, na wapi? Mtu mwaminifu hatakasirika ukimwuliza hivyo. Atafurahi, maana maswali yako yanamlinda yeye mwenyewe.

Na ninyi mnaotaka kuandaa mbio katika parishi au shule yenu, twawashauri kama watu waliochomwa. Anzeni kidogo. Chagueni kazi moja iliyo karibu, ambayo watu wanaweza kwenda kuitazama kwa macho: tangi la maji la zahanati, vitanda vya wodi ya akina mama, kiti cha magurudumu cha mtoto fulani. Andikeni gharama kabla ya kuagiza kitu. Fulana si lazima, kitambaa mkononi chatosha. Ahadi zihesabiwe zitakapolipwa. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo au wa sukari waongee na daktari kwanza, na asikimbie mtu jua la saa sita bila maji. Tena mheshimuni mgonjwa. Msimsimamishe mtoto jukwaani kama kitu cha kuonyeshwa ili watu walie na kutoa. Mwombeni mama yake ruhusa, na akikataa, mwacheni. Umaskini haumwondolei mtu heshima aliyopewa na Muumba wake.

Liko jambo moja tena. Si kila atoaye kwa kukimbia atoa kwa upendo. Twaweza kuvaa fulana ili tupigwe picha, na Bwana wetu alituonya katika Mathayo 6 juu ya sadaka yenye tarumbeta. Lakini tusiwahukumu wenzetu, tujihukumu wenyewe. Na wewe uliye mgonjwa kitandani, au mzee, au mwenye mtoto mgongoni, usidhani umeachwa nje. Bwana alipoketi kulielekea sanduku la hazina, kama asimuliavyo Marko mlango wa 12, aliona matajiri wengi, lakini aliyewaitia wanafunzi wamtazame ni mjane mwenye senti mbili.

Mtauliza, Nyanya aliambiwa nini mwishowe? Jumapili iliyofuata swali lake tulisimama mbele ya kanisa na karatasi mkononi, tukasoma hesabu za mbio zetu za zamani, mstari kwa mstari, tukaomba msamaha. Kanisa lilinyamaza kimya. Tulidhani watu wataacha kutoa. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alikuja akalipa ahadi yake aliyokuwa amekaa nayo tangu siku ile ya jukwaa, na wengine wawili wakamfuata. Fedha hizo zilipelekwa kwa watoto yatima juma lile lile, mweka hazina akifuatana na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, nao wakarudi na barua ya kupokea.

Na ile shilingi mia moja tuliipeleka kwenye mbio za watoto wa moyo, tukaomba risiti iandikwe kwa jina lake yeye. Tulimpelekea nyumbani. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo alituomba tumsomee, tukamsomea, akaomba tena. Kisha akaikunja mara nne, akaifunga katika leso pale pale fedha ilipokuwa. "Sasa najua imefika kwa wenyewe," akasema. "Mwaka ujao mniambie mapema, nianze kuweka mayai."

Na tuombe. Ee Baba wa rehema, uliyeumba moyo wa mtoto na kuhesabu mapigo yake, wabariki madaktari na wauguzi wanaowahudumia wadogo hawa. Wafariji wazazi wanaongoja. Utupe sisi tunaoshika fedha za wengine mikono safi, na utupe ujasiri wa kusema ukweli tunapokosea. Uipokee shilingi ya mwenye kidogo pamoja na fungu la mwenye kingi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.